Madalali Wenye Lifti

Haya alinisimulia binti mwenyewe, Jumapili ya juzi, alipokuja kunijazia fomu za pensheni ya marehemu mume wangu. Fomu ziliisha mapema, maneno hayakwisha. Nami nimeyaandika kama yalivyotoka, maana darasa langu ni la nne, lakini masikio yangu hayakuacha shule.

Nyumbani kwao wanamwita Karani, kwa sababu tangu mdogo hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuandikwa. Wakati wa mambo haya alikuwa na shahada ya fedha na majibu arobaini na moja yaliyoanza na neno "tunasikitika". Chuo alichosoma kilikuwa zamani shamba la kuku. Mabanda yalitiwa madirisha, yakapigwa chokaa, yakawa madarasa. Lakini watu hawakusahau, wakakiita Bandani, mpaka jina lililoandikwa kwenye cheti likawa halijulikani na mtu.

Alichotaka ni kazi kwenye benki ya uwekezaji. Benki hizo fomu zao hujazwa kwa kompyuta, na ukifika mahali pa chuo huandiki, unachagua kwenye orodha. Vyuo vilikuwa ishirini na vitatu, Bandani hakimo. Chini kabisa kulikuwa na neno moja: Vinginevyo. Mara arobaini na moja Karani alibonyeza Vinginevyo, na mara arobaini na moja Vinginevyo akaletewa masikitiko.

"Kosa lako unabandika tangazo ukutani halafu unakaa kusubiri," mama yake alimwambia. Mama huyo ni dalali wa vibanda na maduka madogo. Mtaa mzima wanamwita Mama Dalali. "Dalali habandiki tangazo. Dalali anamjua mtu."

"Simjui mtu, mama."

"Basi mfanye mtu akujue wewe."

Ndipo Karani alipoanza mambo ya Jumanne. Kulikuwa na bibie mmoja, mkubwa katika benki moja, ambaye jina lake lilitajwa gazetini. Kila Jumanne Karani alimwandikia mistari sita, isizidi: kampuni fulani imeuzwa kwa bei hii, mimi nimepiga hesabu nimeona bei ilipaswa kuwa hii, na sababu ni hizi. Haombi kazi, hasalimii sana. Jumanne saba zilipita kama mawe yaliyotupwa kisimani. Ya nane ikajibiwa: "Hesabu yako ya kiwanda cha rangi ina kosa, lakini si kosa la mjinga. Nipigie kesho saa nane mchana. Nina dakika kumi."

Sasa, saa nane mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote katika nyumba ile. Baba ni mwoka mikate. Hutoka saa tisa za usiku, hurudi saa sita mchana na unga kwenye nyusi, huoga, hula, hulala. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Baba akilala, hata sufuria huwekwa chini kama yai.

Karani alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango, akapiga simu kwa kunong'ona.

"Mbona sauti yako ndogo? Unaogopa?" bibie aliuliza.

"Hapana. Nyumbani kuna mtu amelala."

"Saa nane mchana?"

"Ndiye anayeoka mikate watu wanayokula asubuhi."

Kisha bibie akamwuliza juu ya kiwanda cha rangi, na Karani akanong'ona juu ya kiwanda cha rangi kwa dakika ishirini na tano, mama amesimama mlangoni akiwafukuza kwa mkono watoto wa jirani wasije wakacheza hapo. Mwisho bibie akasema, "Kesho Alhamisi tunafanya mtihani wa wanaotaka mafunzo. Nafasi ni mbili. Njoo na kalamu yako. Na ukifika huku unaruhusiwa kupaza sauti."

*

Jioni hiyohiyo, kama vile mambo yaliambizana, mjomba akaja na kazi.

Mjomba ni msimamizi wa ghala la saruji. Si mtu mbaya. Ni katika wale watu wanaokupa maji halafu wanakukumbusha ulivyokuwa na kiu. Alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Karani, nimekutafutia ukarani. Jina limepata mwenyewe." Akacheka peke yake. "Unaanza Jumatatu. Bosi wangu anataka jibu Ijumaa jioni. Nimemwambia mpwa wangu ana digrii. Akauliza ya wapi. Nikakohoa."

"Ungemwambia Bandani, mjomba."

"Nimwambie nini? Pale watu wanasoma au wanaatamia?"

Hata baba, ambaye alikuwa amekaa akibadilisha kamba za viatu, alitabasamu, kisha akajirudi. Karani alimweleza mjomba habari za mtihani wa Alhamisi. Mjomba akamwuliza hiyo benki iko wapi, maana yeye hajaona dirisha lake la kuwekea hela.

"Haina dirisha. Haiweki hela za watu. Kampuni ikitaka kuuzwa, wao wanaitafutia mnunuzi. Wanakadiria bei, wanasimamia mapatano, wanachukua asilimia yao."

Mama Dalali, aliyekuwa akichagua mchele, akainua kichwa. "Rudia hapo."

Karani akarudia.

"Hao si madalali?"

"Mama, ni benki ya..."

"Wanatafuta mnunuzi, wanakadiria, wanapatanisha, wanachukua chao. Mwanangu, miaka yote hii unanificha kwamba unataka kufanya kazi yangu?" Alicheka mpaka mchele ukamwagika kidogo. "Na hao nao mwenye mali akiwazunguka wanapiga kelele barabarani?"

"Wanapeleka mahakamani."

"Ah. Wana nafasi."

Mjomba hakucheka. Alisimama akasema Ijumaa jioni atapita kuchukua jibu, na kwamba mshika mbili moja humponyoka. Alipotoka, kicheko kilipungua chenyewe. Kila mtu pale alikuwa anajua kitu kimoja ambacho hakikutajwa: kifua cha baba. Unga wa miaka kumi na tisa ulikuwa umeanza kukaa humo, na usiku alikohoa kama mtu anayeburuta gunia. Daktari alisema apumzike. Apumzike, nani aingie kazini badala yake?

*

Alhamisi Karani alivaa sketi nyeusi ya mahafali na blauzi ya mama iliyopunguzwa mabega. Benki ilikuwa ghorofa ya tisa. Dada wa mapokezi alimtazama viatu kwanza, kisha bahasha aliyoshika, akasema, "Weka hapo, nitawapelekea."

"Nimekuja kwenye mtihani."

"Oo. Basi kaa."

Walikuwa kumi na mmoja. Wanane walitoka chuo kimoja, kile kikubwa chenye mnara wa saa, na walikuwa wanajuana: huyu alikuwa bweni moja na yule, yule baba yake alimfundisha huyu. Kijana mmoja mwenye tai nyembamba alimgeukia kwa adabu.

"Na wewe umetoka wapi?"

Karani akataja jina la kwenye cheti. Kijana akakunja uso kama anayetafuta njia. Mwingine akamnong'oneza. "Aa! Pale kwenye kuku!"

"Ndipo hapo," Karani alisema. "Tumeanguliwa mwaka jana."

Wawili watatu walicheka, na si kicheko kibaya. Lakini Karani aliniambia, mikono yake ilikuwa baridi hata akaikalia.

Kila mmoja alipewa kompyuta na jalada la kurasa sitini. Kampuni yenye maduka tisa ya dawa inauzwa. Kazi: kumshauri mnunuzi alipe kiasi gani. Muda: saa tatu. Kalamu na vidole vikaanza kukimbia. Karani naye alipiga hesabu kama walivyofundishwa Bandani: faida ya miaka iliyopita, faida inayotarajiwa, madeni, mali. Saa ya kwanza na nusu ikaenda hivyo, na bei aliyoipata ilikuwa nzuri, yenye kung'aa, na bila shaka ilikuwa ileile waliyoipata wenzake wote.

Ndipo akafanya jambo ambalo mama yake hufanya kabla ya kumwonyesha mtu kibanda chochote. Aliacha kuangalia duka, akamtafuta mwenye nyumba.

Mikataba ya pango ilikuwa mwishoni kabisa mwa jalada, kwa maandishi madogo ya kuudhi. Maduka manne kati ya tisa, yale manne yanayoingiza zaidi ya nusu ya faida, yalikuwa kwenye jengo moja refu. Mikataba yote minne ilikuwa imebakiza miezi kumi na minne. Na chini, mahali pa mwenye jengo, palikuwa na sahihi. Karani akafungua ukurasa wa kwanza, mahali pa mwenye kampuni. Sahihi ileile, na mkia wake uleule unaojikunja kama wa nge.

Yaani bwana yule anauza maduka, funguo za jengo anabaki nazo. Mwaka mmoja na miezi miwili, ampandishie mnunuzi kodi mpaka akimbie, afungue duka la dawa palepale, na wateja wasijue kama kuna kilichobadilika.

Muda ulikuwa umebaki dakika thelathini. Karani alifuta ushauri wake, akaandika upya kwa haraka, na katika ile haraka mkono ukaandika kama mdomo unavyosema nyumbani: "Mnunuzi alipe thamani ya bidhaa na vifaa tu. Kilemba asilipe hata senti mpaka muuzaji asaini pango la miaka kumi."

*

Waliingia mmoja mmoja. Ndani walikaa wawili: bibie wa ile simu, suti ya kijivu, nywele fupi zenye mvi, na bwana mmoja mwenye miwani, aliyekuwa na karatasi ya Karani mkononi kama mtu aliyeshika samaki asiyemwamini.

"Kilemba," alisoma. "Nani anaoa?"

Ndipo Karani alipoona kile mkono wake ulichoandika. Kitabuni jambo hilo lina neno lake refu, na alikuwa analijua, alilijibia mtihani akapata alama zote.

"Samahani. Ni neno la nyumbani. Mtu akikuachia duka lenye wateja, unamlipa bidhaa zake, kisha unamlipa na kitu juu yake, kwa ajili ya mahali na jina. Hicho cha juu ndicho kilemba."

"Tunajua jambo lenyewe. Tunashangaa lugha." Bwana akageuza ukurasa. "Na hapa kodi ya serikali ya mwaka wa tatu hukuitoa."

Karani akatazama. Kweli. "Nimeisahau. Bei ya mwanzo ishuke."

"Kwa kiasi gani?"

Akafumba macho. "Milioni thelathini na moja na nusu."

Bwana akabonyeza kikokotoo chake, akaandika jibu hilo pembeni mwa karatasi. Bibie ndiye aliyesema. "Habari ya sahihi. Mlifundishwa chuoni kwenda kuzitazama?"

Kwenye fomu waliyojaza kabla ya mtihani, mahali pa kazi ya mzazi, Karani alikuwa ameandika "biashara". Si uongo. Lakini aliniambia, wakati ule alitamani alifute neno lile.

"Hapana. Chuoni nilifundishwa kukokotoa. Kutazama nimefundishwa na mama. Ni dalali wa vibanda. Aliwahi kumuuzia mtu saluni, kumbe mwenye jengo ni shemeji wa muuzaji, baada ya miezi mitatu yule mtu akatolewa nje na vioo vyake. Mama alimrudishia ujira wake wote. Tangu siku hiyo hatazami mlango kabla ya kumjua mwenye ufunguo."

"Dalali wa vibanda," bwana mwenye miwani alisema polepole. "Hapa tunauza viwanda, binti. Tunauza mabenki. Unaona ni kitu kimoja?"

Nafasi ya kunyamaza ilikuwepo. Mwenye busara angeichukua. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa Mama Dalali hajui kuacha swali limelala.

"Naona ni kitu kimoja," alisema. "Ila nyinyi mna lifti."

Bwana akavua miwani. Bibie wa suti ya kijivu alitazama dirishani, mabega yakimtikisika, na ilichukua muda kabla hajageuka. "Ahsante," alisema. "Umefanya vizuri. Tutawapigia simu Jumamosi."

*

"Alikusifu?" mama aliuliza. "Alisemaje hasa?"

"Umefanya vizuri."

"Alisema akikuangalia au akiangalia karatasi? Maana sifa nazo ni kilemba, kuna cha kitambaa na kuna cha ukoka."

"Mama, sijui."

Ilikuwa Ijumaa, jua linatua, na mjomba alikuwa njiani. Mama Dalali alimketisha bintiye jikoni. "Nisikilize. Mwambie mjomba wako ndiyo. Jumamosi benki wakipiga, unakwenda benki. Wasipopiga, Jumatatu una kazi. Dalali mwenye akili haachi mteja wa kwanza mpaka wa pili atoe hela."

"Na mjomba?"

"Mjomba atakasirika, atapoa. Ndugu yangu namjua."

"Amempa bosi wake neno lake, mama. Nikisema ndiyo leo na kesho nikamgeuka, atakayeaibika mbele ya watu ni yeye, si mimi. Ataniombeaje tena? Atamwombeaje mtoto wa mtu mwingine?"

Mama Dalali akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele aliokwisha kuuchagua.

Mjomba alikuja na kalamu mfukoni kabisa, na fomu ya ghala imekunjwa mara nne. Karani alimwamkia, akamletea maji, akapiga goti.

"Mjomba, nakushukuru. Lakini siji."

"Wamekuchukua huko?"

"Bado. Watasema kesho."

"Kwa hiyo unakataa kazi kwa ajili ya simu ambayo haijalia."

"Ndiyo, mjomba."

"Mshika mbili..."

"Moja humponyoka. Ndiyo maana naachia moja mwenyewe, kabla haijaniponyoka na kukuvunjia heshima."

Mjomba alimgeukia shemeji yake. "Na wewe unasikia haya? Na kifua hicho?"

Baba ni mtu wa maneno machache. Unga humfunga mtu mdomo. Alikohoa kwanza, akangoja kikohozi kiishe, akasema, "Kifua ni changu, shemeji. Asikivae yeye kwenda nacho kutafuta kazi. Na huko kwenye saruji, unadhani ataondoka na kifua gani?"

Mjomba akaikunja fomu mara ya tano. Alikunywa maji yote, kwa sababu ni mtu wa adabu, akaondoka bila kuaga vizuri, kwa sababu ameudhika.

*

Jumamosi haikuwa na haraka. Saa nne ikawa saa sita. Baba alirudi, akaoga, akala, akatazama simu iliyokuwa mezani kama maiti, akaenda kulala bila kuuliza. Saa saba. Karani alifua shuka mbili zilizokuwa safi. Saa nane kasoro simu ikatikisika juu ya meza, naye na mama wakairukia kabla haijalia.

"Mtu amelala tena?" ilikuwa sauti ya bibie.

"Ndiyo," Karani alinong'ona.

"Nitasema kwa kifupi. Nafasi mbili zimekwenda kwa watu wengine. Mwenzangu hakukutaka." Mama, aliyebandika sikio upande wa nyuma wa simu, alifumba macho. "Lakini asubuhi hii amerudi kulisoma jalada la maduka ya dawa, maana ni biashara ya kweli, tunaishughulikia hivi sasa. Sahihi ile hata sisi hatukuiona. Nimeomba nafasi ya tatu. Miezi sita, posho ni nusu ya wenzako, na hakuna ahadi baada ya hapo. Unakubali?"

Karani alifungua mdomo. Mama akamfinya. Akatikisa kichwa, akatikisa kidole, akafanya kwa mikono ile ishara ambayo wauza vibanda wote wanaijua: bei ya kwanza haipokelewi, hata ikiwa tamu.

"Nakubali nusu posho," Karani alinong'ona. Mama akajishika kichwa. "Lakini ahadi naitaka. Siombi kazi. Naomba baada ya miezi sita tupimwe watatu kwa kipimo kimoja, kazi zilezile, na jina la chuo liwe limefunikwa kwenye karatasi."

Nyuma ya pazia baba alijigeuza, kitanda kikalia.

"Wewe kweli ni mtoto wa dalali," bibie alisema. "Limefunikwa. Njoo Jumatatu saa mbili."

Simu ilipokatika hawakupiga kelele. Mama Dalali alicheza katikati ya chumba bila viatu, bila sauti, mikono juu, khanga ikimteleza kiunoni. Karani aliuma khanga yake mwenyewe asicheke. Kisha akatoka nje kumpigia mjomba, maana hizo si habari za kumsubirisha mtu.

"Nimesikia," mjomba alisema baada ya kuelezwa. "Vizuri. Bosi wangu nilishamwambia tangu jana usiku kwamba umepata benki."

"Jana nilikuwa sijapata, mjomba!"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba mtoto wa dada yangu amenikataa kwa ajili ya simu?" Akakohoa kidogo. "Akauliza umesoma wapi. Nikamwambia Bandani. Nikamwambia kuku wa pale wanaruka."

Aliporudi ndani, mama alikuwa amekaa kwenye kiti kusubiri kusimuliwa, na usingizi ukamshinda. Kichwa kimeanguka begani, mdomo wazi. Pazia lilikuwa limetulia. Baba alikuwa bado hajui lolote. Karani alisimama pale mkono ukiwa kwenye pazia, akasikiliza lile gunia likiburutwa taratibu kifuani mwa mzee, likipanda, likishuka. Akaona saa kumi na moja ataamka mwenyewe, na habari hazitaoza.

Alitandika mkeka chini ya dirisha, hakuvua hata saa mkononi. Tangu Jumatano alikuwa hajalala usingizi wa maana. Alianza kuhesabu Jumatatu ni saa ngapi toka sasa, akafika arobaini, akapotea njia, akaanza tena, na mara ya pili hakufika popote.